Mbili Themanini na Saba

Sifuri ya kipimo chetu iliwekwa na fundi mwashi ambaye jina lake hakuna aliyelikumbuka. Mzee Laurian, aliyenifundisha kazi, alisema fundi yule alitaka kukishusha kipimo chini zaidi, akakuta jiwe gumu, akachoka, akakisimika pale patasi yake ilipokubali kuingia. Angekuwa na nguvu kidogo zaidi siku ile, kila namba niliyoiandika kwa miaka thelathini na sita ingekuwa nyingine. Vijana mliobaki ofisini mmeniomba niandike habari za kazi yangu kabla sijasahau, nami naanza na hilo la fundi. Nililijua tangu wiki ya kwanza, na bado nililisahau mara nyingi.

Kwa ambaye hajaiona kazi yenyewe, ni hivi. Kando ya ziwa, ukishapita nyumba za mwisho za Pasiansi, kuna nguzo zenye vibao vyeupe vya chuma, kila kibao mita moja, vimechorwa mistari ya sentimita. Watu wote wa pale wanaviita rula. Msomaji anafika saa tatu asubuhi, anatazama maji yameishia mstari upi, anaandika daftarini. Basi. Marehemu mume wangu alipoulizwa mkewe anafanya kazi gani, alijibu kwamba kila asubuhi naenda kuangalia kama ziwa bado lipo.

Siku ya kwanza nilikwenda na viatu vipya. Mzee Laurian alivitazama kwa huruma, akasema, "Vua, mama. Ziwa halina mgeni rasmi." Alikuwa Mhaya mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi hata mikunjo ya mikono, na suruali aliyoikunja mpaka magotini kwa vipimo sawa kulia na kushoto. Tuliingia majini. Akaniambia nisiitazame namba, nitazame maji. Nihesabu mawimbi kumi, nishike lililopanda juu zaidi na lililoshuka chini zaidi, kisha nichukue katikati yao. Alinipa penseli, akanikataza kalamu ya wino kwa sababu wino ukilowa unaondoka na siku nzima. Halafu akanipa sharti moja tu, na alilisema akiwa amenigeukia.

"Usipofika, usiandike. Acha mstari mtupu. Mstari mtupu nao ni taarifa."

Nusu kilomita kutoka kwenye rula, pale mwaloni wanakoshushia samaki, Mzee Laurian alikuwa ametundika ubao mweusi. Kila siku tuliandika namba kwa chaki ili wenye mitumbwi wasitusumbue kwa maswali. Ubao ule ulileta maswali mara mia zaidi. Wao hawakuuliza kina. Waliuliza maana.

Mwuza mitumba mmoja wa Igoma alimtuma mtu kila asubuhi aje kuisoma namba. Ikiishia na tatu, hafungui marobota mapya. Namba zenye tarakimu zinazofanana, hamsini na tano, sabini na saba, akina mama wa dagaa waliziita za mapacha, na kwa kuwa mapacha kwa Wasukuma ni jambo la kwenda nalo taratibu, siku hiyo walinyunyiza unga kidogo majini kabla ya kuanza kuanika. Zilipokuja simu na michezo ya kubahatisha, vijana wa bodaboda wakaanza kunisubiri. "Mama shikamoo. Leo imekaaje? Tunataka kuweka mkeka." Nikawaambia ziwa halichezi mpira. Wakacheka, wakaandika namba viganjani.

Kuna baba mmoja wa kiwandani Nyakato alikuja ofisini kuuliza maji yalikuwa ngapi siku mwanawe alipozaliwa. Nilimtafutia. Akainakili kwenye kikaratasi, akakikunja, akakiweka mfukoni juu ya moyo, akaondoka bila kueleza lolote. Nilimsimulia Mzee Laurian nikicheka. Yeye hakucheka. Alisema watu hawawezi kuvumilia jambo lililotokea hivi hivi tu, na kwamba mimi bado sijajua kama naweza, kwa sababu halijanitokea.

Mwaka wangu wa kumi kazini zilinyesha mvua ambazo wazee walisema hawajaziona. Ziwa lilipanda mpaka likaingia kwenye mashamba ya mihogo. Namba zilikuwa zinapanda karibu kila siku, nami nilizifuata kama mama anayefuata joto la mtoto. Asubuhi moja joto la mtoto likawa kweli. Binti yangu Nyamisi, wa miaka mitatu, alipata degedege alfajiri. Nilikuwa hospitali mpaka mchana. Alipotulia nikamwacha na dada yangu, nikatoka mbio kwenda kazini.

Nilifika mwaloni saa saba. Njia ya kwenda kwenye rula ilikuwa imejaa maji mpaka kiunoni. Jana yake nilisoma mbili themanini na tano, maana yake mita mbili na sentimita themanini na tano. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Nilisimama mbele ya ubao na chaki mkononi, nikajiambia itakuwa imeongezeka mbili. Nikaandika 2.87, saba yangu ikiwa na mkato katikati kama nilivyofundishwa shule. Nikaiandika na daftarini. Kwenye rula sikwenda.

Sijamaliza kupangusa vumbi la chaki nikasikia kelele upande wa majini. Mtumbwi uliotoka kisiwani ulikuwa umepinduka karibu na miamba. Wawili waliokolewa. Wa tatu, fundi wa mashine za barafu aitwaye Deusdedit, hakuonekana. Mkewe aliletwa mbio kutoka Nyakato, futi ya ushonaji bado iko shingoni. Hakulia. Alisimama pale walipomsimamisha, mbele ya ubao, amemshika binti yake mdogo mkono, na wakati watu wanamweleza alikuwa ameutumbulia macho kana kwamba inayosema ni chaki. Nilimwona vizuri, maana nilikuwa hatua mbili kutoka kwake.

Kesho yake nilikwenda kwenye rula. Mbili themanini na nne. Keshokutwa themanini na tatu. Mvua ilikatika, na ziwa likaanza kushuka, na likaendelea kushuka miaka na miaka. Kwa hiyo namba niliyoibuni ikawa kubwa kuliko zote daftarini. Ofisi iliiandika kwenye ripoti kuwa kilele cha kituo. Wahandisi walikuja wakapiga rangi nyekundu kwenye themanini na saba, na mmoja akaniambia wataitumia kupimia urefu wa gati. Nikasema vizuri.

Mzee Laurian alikagua daftari mwisho wa mwezi kama kawaida. Kila mstari ulikuwa na alama ya kidole kilicholowa, au tope, au karatasi iliyojikunja kwa unyevu. Mstari wa siku ile ulikuwa mkavu na safi. Aliupitisha kidole mara mbili. "Siku hii ulivaa glavu?" akauliza. Akafunga daftari, akasema namba ikishafika Dar haishuki tena, na hakuligusa suala hilo kwa miaka mingi. Ningependa angenifokea.

Siku ya kumi na moja baada ya ajali, yule mwanamke alinifuata ofisini. Aliitwa Leokadia, ila watu walimwita Mama Koku, kwa jina la binti yake. Alikaa kwenye kiti bila kuegemea.

"Wewe ndiye unayeandika ubao?"

"Ndiyo mimi. Pole sana, mama."

"Asante. Ile mbili themanini na saba. Itarudi lini?"

Nilidhani sikumwelewa. Akanieleza kwa sauti ya mtu anayeeleza mshono. Ziwa lilimpokea mumewe likiwa kwenye mstari ule. Sasa limeshuka, mstari umebaki juu, na yeye amebaki upande wa pili wake. Likifika pale tena, litamwachia. "Ta Deus hajazama," alisema, akimtaja mumewe kwa heshima ya Kihaya. "Amefungiwa."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema kweli. Nilikuwa na mtoto mdogo na kazi ya serikali, na nilikuwa mwoga. Nilimwambia kwamba maji hayatabiriki. Akaitikia kwa kichwa, akasema basi atakuwa anakuja kuuliza.

Akawa anakuja kila Jumatatu. Alikuwa fundi wa sare za shule, mwenye akili zake timamu, mkali kwa wateja, na ukimwongelesha habari nyingine yoyote hungehisi kitu. Ndugu wa mumewe walikuja mara mbili kutoka Kagera. Kwao, mtu asipopatikana, familia inakata shina la mgomba, inalivisha, inalizika kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, mahali pa mwili, na watu wanalia wanamaliza. Mara zote mbili Mama Koku alikataa. Aliwaambia hawawezi kumzika mtu ambaye ziwa halijamaliza naye. Kwa hiyo fundi Deusdedit hakuwa na kaburi wala msalaba, na mkewe hakuwa mjane wala mwenye mume, kwa ajili ya chaki yangu.

Ikaja miaka ya ukame. Maji yalirudi nyuma mpaka tukasimika nguzo mpya mbali ndani, na ile nguzo ya zamani ikabaki juu ya tope kavu lililopasuka, imesimama peke yake kama mwimo wa mlango ambao nyumba yake imebomolewa. Ile alama nyekundu ilikuwa juu ya kichwa changu. Kila asubuhi njia yangu ilipita chini yake. Upepo wa ziwa ukipita kwenye kile kibao kilichoanza kulegea, kilitoa mvumo mdogo, na sikuzote uliacha nilipofika karibu. Kibao chote kilikuwa kimeshika kutu na kinyesi cha ndege isipokuwa pale kwenye themanini na saba. Pale paling'aa. Niligundua baadaye kwamba Mama Koku alikuwa anapanda kwenye ndoo na kupangusa kwa kitambaa. Hata baada ya kujua, sikupita chini yake bila kuinama.

Namba yenyewe ikaanza kunifuata. Kitanda cha wodi alicholazwa mume wangu kilikuwa themanini na saba. Nilipewa kikaratasi cha foleni benki, themanini na saba. Nilihamia nyumba ambayo nguzo ya umeme iliyo mbele yake ilikuwa na tarakimu sita, na mbili za mwisho mnazijua. Mimi ni mtu wa namba. Najua kabisa kwamba siku hizo hizo nilikutana pia na arobaini na mbili na kumi na tisa, nikazipita bila salamu. Nilijua, na bado usingizi ulinipaa. Niliyeitunga namba ile kwa kukwepa maji ya kiunoni nilikuwa naiogopa kuliko wote walioipokea.

Mzee Laurian alipougua nilikwenda kumwona. Alikuwa amekonda, ila shati lilikuwa na pasi. Tuliongea habari za ofisi, akaniuliza kama bado nahesabu mawimbi kumi au nimepunguza. Nilipoaga, akanishika mkono.

"Ule mstari," akasema. "Ungeuacha mtupu."

"Najua, mzee."

"Na mimi ningeufuta. Niliona ni sentimita mbili tu." Akauachia mkono wangu. "Yule mama bado anakuja?"

"Kila Jumatatu."

Aligeukia ukutani. Alifariki wiki hiyo.

Baadaye kidogo, asubuhi moja nilifika mwaloni nikitoka kwenye rula, nikakuta namba ya siku imeshaandikwa ubaoni. Ilikuwa sahihi mpaka sentimita. Ilikuwa kwa mwandiko wangu, saba ikiwa na mkato katikati. Niliwauliza akina mama wa dagaa nani ameandika, wakanitazama vibaya. "Si wewe mwenyewe? Tumekuona alfajiri umeinama pale." Niliketi chini kwenye mchanga. Nilijipapasa mikono kutafuta chaki. Jumatatu iliyofuata Mama Koku akaniambia, bila kuombwa, kwamba siku hizi huwa anawahi kuisoma rula mwenyewe, kwa sababu mimi nikizeeka hataki kazi isimame. Namna ya kuandika alikuwa ameichukua ubaoni, miaka yote ile. Alijifunga hata kitambaa cha kichwa kama changu, labda bila kujua.

Kisha, nikiwa nimebakiza miezi michache kustaafu, mvua zilirudi. Mliokuwapo mnakumbuka. Ziwa lilirudi kwenye nguzo ya zamani, likaanza kuipanda. Vyoo vya mwaloni vilizama, nyumba zikahamwa, mamba wakaonekana pale watoto walipozoea kuchezea mpira. Mbili sitini. Mbili sabini na moja. Ofisini mlikuwa mnaulizana kama kilele cha kituo kitavunjwa, nami kwenye kona yangu nilikuwa nachonga penseli ambayo tayari ilikuwa na ncha.

Koku alikuja kuniona. Nilimfahamu akiwa mtoto aliyeshikwa mkono mbele ya ubao; sasa alikuwa mwalimu huko Geita, mwanamke mzima mwenye macho yasiyo ya mama yake, labda ya baba ambaye sikuwahi kumwona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mama yangu ameshona suti nyingine. Ya saba hii. Anaifungia kwenye nailoni na kwenda nayo ziwani kila siku, na taulo." Alikuwa anajikaza. "Kila mwaka nataka kumwombea baba misa. Pale parokiani wananiuliza, tuandike marehemu au mgonjwa? Sijui la kuwajibu. Naombea mtu gani? Naomba umwambie namba imepita. Mwambie ilipita kwa kasi, hukuiona. Atakuamini wewe."

Nilimwambia siwezi kusema namba ya uongo. Nilisema hivyo, kwa mdomo huu. Koku akaniomba radhi kwa kuniomba jambo baya, akaondoka. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia nikimsindikiza mlangoni.

Siku tatu baadaye nilishuka kwenye rula na Mama Koku alikuwa ameshafika, amesimama majini mpaka magotini, na mfuko wa nailoni amekumbatia kifuani. Jana yake ilikuwa themanini na sita. Nilipanga kuhesabu mawimbi kumi. Hapakuwa na mawimbi. Mliosoma maji mnajua kwamba saa tatu ziwa huwa limeshaamka, hata siku nzuri lina mikunjo. Asubuhi ile lilikuwa limelala kama maji ya kwenye beseni. Hakuna ndege aliyelia. Mtumbwi uliokuwa mbali ulionekana kusimama hewani. Maji yaliishia kwenye alama nyekundu bila kupanda wala kushuka, sentimita themanini na saba, na sikuhitaji kugawanya chochote.

"Soma," akasema Mama Koku.

"Mbili themanini na saba."

Akaanza kufungua nailoni. Alitoa taulo akaliweka begani. Alitazama mbele, uso wake ukarudi ujana ghafla, uso wa mke anayesikia geti likifunguliwa. Tulisimama. Sijui ni muda gani. Miguu yangu ilikufa ganzi. Maji hayakutikisika, na kadiri yalivyokaa kimya ndivyo ilivyozidi kuonekana kwamba kitu fulani chini yake kimeshika pumzi. Nikajua kwamba nisiposema sasa nitapiga kelele.

"Mama Koku. Ile namba niliibuni."

Hakugeuka.

"Siku ile sikuja hapa. Nyamisi alikuwa na degedege. Nilitoka hospitali nikachelewa, nikaogopa kuvuka maji, nikaandika ya kukisia. Ziwa halikuwa hapa. Halikuwahi kufika hapa mpaka leo."

Kisha akauliza, "Mtoto alipona?"

"Alipona."

"Ya kweli ilikuwa ngapi?"

"Sijui. Hakuna anayejua."

Alilitoa taulo begani, akalikunja mara nne, polepole, kona kwa kona. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimempokonya kitu pekee alichokuwa amebaki nacho, na nilikuwa nimempa mimi mwenyewe, kwa hiyo hakukuwa na mtu mwingine wa kumdai.

"Kwa hiyo inaweza kuwa yoyote," alisema. "Nitakuwa nasimama hapa kila siku mpaka nife." Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona analia, mdomo wazi, bila kujifuta. Nilimshika mabega. Alikuwa mwepesi sana. Alipotulia akanitazama usoni.

"Ile ulinipa wewe. Nipe nyingine."

"Mama Koku, itakuwa ya uongo."

"Na ile ilikuwa nini? Nimeishi nayo. Nipe moja ya mwisho. Isipomleta, nawaachia ndugu zake wamzike."

Vijana wangu, nilikuwa nimeapa. Baada ya siku ile ya chaki sikuandika tena namba nisiyoiona, hata nilipougua, hata siku niliyomzika mume wangu. Daftari zina mistari mitupu na mnaweza kuihesabu. Nikatazama rula. Maji yalikuwa yanapanda sentimita moja kwa siku. Nikafikiria safari ya kwenda Kagera, ndugu wa kupigiwa simu, kaburi la kuchimbwa, mgomba wa kukatwa. Siku nne zingetosha.

"Mbili tisini na moja," nikasema.

"Mbili tisini na moja," akarudia, kama mtu anayekariri anwani. Jioni ile alimpigia Koku, na Koku akawapigia ndugu wa baba yake.

Siku ya nne tulishuka pamoja. Gari lilikuwa juu barabarani, Koku ndani yake, mizigo imefungwa. Ziwa lilikuwa la kawaida, na upepo, na mawimbi ya kuhesabika. Nilihesabu kumi. Juu, tisini na nne. Chini, themanini na nane. Nilihesabu kumi tena.

"Mbili tisini na moja," nikasema.

Mama Koku alikumbatia mfuko wake, akatazama mbele. Nami nikatazama. Namba ile niliipanga kwa kuhesabu siku za safari ya gari. Nilijua ilikotoka, nilimjua aliyeitunga, nilijua hata kile kipimo kilisimikwa pale kwa sababu ya fundi aliyechoka. Lakini palikuwa na kitu cheusi mbali, kinapanda na kushuka, nikakikazia macho. Labda gogo. Labda gugumaji. Nilijikuta nimesonga mbele hatua moja, halafu nyingine, maji yakafika kiunoni, na nilikuwa nasema kwa sauti njoo basi, njoo.

Mkono ulinishika nyuma ya gauni. Mama Koku alikuwa ameshageuka kuelekea nchi kavu, mfuko ameubana kwapani.

"Mama Nyamisi, twende," alisema. "Kaburi liko wazi tangu jana."